Magome ya Dada Yangu Nilitafuna Mimi

Hii stori inanifanya nionekane mjinga, lakini nikinyamaza dada yangu ataisimulia vibaya zaidi.

Ilikuwa wakati wa Imajensi, Mzungu akipigana na Mau Mau, huku Embu, tumeshahamishwa na kufungiwa ndani ya kijiji chenye mtaro na miti iliyochongwa. Kuchimba huo mtaro ilikuwa kazi ya wanawake. Dada yangu mwezi wake ukifika, tumbo lilimsokota mpaka anauma blanketi. Dawa yake ilikuwa magome ya mti uliobaki kwa boma letu la zamani. Mama anachemsha, dada anakunywa, asubuhi anashika jembe kama wengine. Mimi na darasa langu la nne nilisema hiyo ni imani tu, nikamwuliza mama ushahidi uko wapi.

Siku moja tukafunguliwa twende kutafuta chakula. Dada alikuwa ameanza kuumwa, kwa hivyo mama akapitia boma la zamani, akabandua magome, tukarudi mbio kabla lango lifungwe. Homgadi wa langoni, mlinzi wa serikali lakini jirani yetu wa tangu zamani, akatia mkono kwa kikapu. Akauliza haya magome ni ya nini, ama kuna watu wanataka kulishwa kiapo cha Mau Mau. Mama akaangalia chini. Kwetu mama hawezi kutaja mambo hayo mbele ya mwanawe wa kiume. Afadhali apigwe.

Nikaona hapo ndipo mdomo wangu utasaidia.

"Ni yangu, mzee. Chakula cha hiki kijiji kinafunga tumbo kuliko hilo lango lenu."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. "Kama ni yako, kula tuone."

Nikatafuna kipande, ulimi ukawaka. Akanipa kingine, halafu kingine, mpaka kikapu kikabaki na nduma tulizochimba tu.

Asubuhi dada akaenda kuchimba bila dawa. Jua halijapanda vizuri alikuwa amejikunja ndani ya mtaro, homgadi yule yule amesimama juu anamwita mvivu. Wanawake wakachimba sehemu yake bila kuinua macho. Ushahidi niliotaka ndio huo.

Jioni nikamwambia dada pole, yule homgadi hakujua dawa ni ya nini. Alikuwa amelala ameangalia ukuta.

"Alijua. Mkewe ndiye alimwonyesha mama huo mti," akasema. "Na wewe, tumbo lako limepona?"