Bomba Lisilo na Tundu

Dada yangu analipwa kwa kutazama upepo. Msicheke, mimi nimeshacheka miaka mingi kwa niaba yenu. Kwenye chuo anakofanya kazi kuna chumba kirefu na chembamba, na mwisho wake wamefunga feni kubwa kuliko mlango wa gereji. Anabandika kijiti cha mviringo sakafuni, kimesimama wima, feni inawashwa, anaachia uzi wa moshi mweupe, halafu anakaa nyuma ya kioo kutazama moshi unavyokizunguka. Hiyo ndiyo kazi, asubuhi mpaka jioni. Nyumbani tulimwita Mama Feni.

Akianza habari za vijiti vyake, umekwisha. Ataisimamisha chupa ya maji mezani akuonyeshe kwa vidole: upepo ukiigonga mbele, mwingine unashuka na kujikunja pale chini ilipokaa, mwingine unapita ubavuni na kuacha visulisuli, kimoja kushoto, kingine kulia, na mwingine unapanda juu ya kichwa, kisha unaanguka nyuma.

"Huo unaoanguka ndio mtundu," husema. "Kijiti kikiwa kifupi na kinene, huo ndio mwenye nyumba."

"Sawa, dada," humjibu. "Sasa tunywe hayo maji, au bado yana kazi?"

Mimi ni mwokaji mikate. Tanuri langu alilijenga marehemu baba kwa mikono yake, na watu wote wa kwetu wamelelewa na tanuri hilo, Mama Feni akiwemo. Bomba lake la moshi lilipoliwa na kutu, fundi bati akaniwekea jipya, fupi na nene. Nililipenda. Nilijua mdomo mpana, moshi utatoka kwa nafasi. Lo! Siku za utulivu hakuna neno. Lakini upepo ukivuma tu, moshi unatoka, unainama, unateremka nyuma ya bomba, unavuka ukuta na kuingia moja kwa moja kwenye shule ya chekechea ya jirani. Watoto wakawa wanakohoa. Mwalimu mkuu akafunga madirisha yote ya upande wetu. Alikuja kwangu kwa upole, akaja tena bila upole, na mara ya mwisho alikuja na bwana afya.

Bwana afya hakuwa mtu wa porojo. Alitoa mfukoni utepe mwekundu, akanionyesha.

"Ijumaa narudi," alisema. "Nikikuta moshi kwa watoto, nalifunga tanuri."

Kula kukanishinda. Nikampigia dada simu. Nilijua atanicheka, na nilijua nimestahili.

"Dada, ule upepo wako wa kuanguka nyuma umeniangukia mimi."

Hakucheka. "Usiguse kitu," alisema. "Nakuja na futi."

Akapima paa, akapima bomba, akaenda kuchonga mfano wake wa mbao. Kesho yake akaniita nyuma ya kile kioo. Jamani, nilibaki mdomo wazi. Ule uzi wa moshi ulikuja umenyooka, ukapanda juu ya kichwa cha bomba, ukaanguka nyuma na kujikunja mpaka paani. Adui yangu mwenyewe, mdogo kama kidole! Dada akabandika bomba refu zaidi, na moshi ukapita juu kwa juu.

"Ongeza urefu," alisema. "Umepona."

Fundi bati akaunga kipande. Alhamisi asubuhi upepo ukaamka, nikawasha tanuri, nikatoka mbio uani. Moshi ukatoka mdomoni. Ukainama. Ukashuka vilevile, umepungua kidogo tu. Nikampigia dada tena.

Dada alifika akihema. Alisimama uani ameinua uso, akiufuata moshi kwa macho. Mara akajipiga paji la uso.

"Tundu! Bomba lako lina tundu!"

Nikajua masikini, amechanganyikiwa. "Bomba lisilo na tundu ni gogo, dada."

"Ndiyo! Miaka yote hii mimi natazama magogo!"

Kumbe vijiti vyao vyote kule chuoni vimezibwa kichwani, na moshi wa kuvichunguza hutokea mbele, kwenye mrija wake. Na bomba langu alilichonga hivyo hivyo, gumu juu mpaka chini. Wenzake wote walipita wakalitazama, wakasifu vipimo, na hakuna hata mmoja aliyeuliza moshi wa mikate utatokea wapi. Tulicheka mpaka tukashika ukuta, huku machozi yakitulengalenga.

Tukarudi chuoni. Akautoboa mfano, akapitisha moshi ndani yake. Hapo kila kitu kikawa wazi. Kwenye ule mdomo mpana moshi ulitoka kwa uvivu, na upepo unaoanguka ukaudaka pale pale. Akaubana mdomo kwa koni ndogo ya karatasi. Moshi ukachomoka kwa kasi, ukawa umeshapita juu kabla upepo haujaukamata.

"Tanuri litavuta lakini, ukilibana hivyo?"

"Urefu ulioongeza utalisaidia kuvuta. Hukuupoteza, mdogo wangu." Akasita. "Nadhani."

"Unadhani!"

"Sijawahi kutazama bomba lenye tundu, nifanyeje?"

Jioni hiyo fundi bati alifunga koni ya bati juu ya bomba, akilalamika kwamba sisi ndugu wawili tutamuua.

Ijumaa upepo ulivuma kana kwamba nao umeitwa kushuhudia. Bwana afya alisimama uani kwangu, utepe mkononi. Mwalimu mkuu alisimama kwake, mkono kwenye komeo la dirisha. Nikatia kuni, nikatoka. Moshi ukachomoka, ukapanda, ukaenda kutawanyika mbali juu ya mapaa. Upepo ukaja kwa nguvu zaidi, na moshi haukuinama. Bwana afya alitazama mpaka akaridhika, akaurudisha utepe mfukoni.

"Oka mikate yako," alisema.

Ng'ambo ya ukuta dirisha moja likafunguka, kisha jingine, na kelele za watoto zikajaa uani kwetu. Sijapata kusikia kelele tamu namna ile.

"Dada!" niliita. "Dada, njoo uone!"

Nikaingia kumtafuta. Nilimkuta ndani, amekaa juu ya gunia la unga, amejifunika uso kwa aproni yangu. Mtu anayelipwa kutazama moshi, na huu hakuthubutu kuutazama.

"Niambie tu," alisema. "Umekwenda wapi?"

Nilikuwa na utani tayari mdomoni, lakini nikauacha. Nikapiga magoti kwenye unga, nikamshika mikono.

"Umekwenda zake, dada," nilisema. "Umekwenda zake."