Gunia la Meneja

Obiero Ogada alistaafu akiwa na saa ya ukutani, cheti kilichokosewa jina, na mikono miwili isiyojua pa kwenda.

Kwa miaka thelathini na moja mikono hiyo ilikuwa kiwandani, katika sehemu ya kunyausha majani ya chai. Majani mabichi hutandazwa juu ya vihori virefu, feni zikapuliza hewa kutoka chini, na lazima awepo mtu wa kusema yamefika au bado. Mtu huyo alikuwa Obiero. Aliingiza mkono kwenye majani, akafumba ngumi, akasikiliza. "Jani lililofika halilii wala halivunjiki," alizoea kusema. "Linanyamaza tu, kama mtu aliyesamehe." Kisha siku moja wakaleta kifaa chenye tarakimu nyekundu, wakakitundika ukutani, na kijana mwenye tai akamwambia, "Mzee, sasa pumzika. Hii haikosei." Wenye viwanda ni watu wa ajabu. Watakunywa jasho la mtu miaka thelathini na moja, halafu wampe saa, ili ahesabu vizuri muda ambao wao hawauhitaji tena.

Akahamia na mkewe, Christabel, kwenye robo ekari waliyokuwa wamenunua nje kidogo ya Kapsoit. Christabel bado alikuwa karani wa shule ya sekondari. Kila asubuhi alitoka na mkoba wake, na Obiero akabaki. Mwezi wa kwanza alipanga stoo. Mwezi wa pili akaipanga tena. Mwezi wa tatu akaanza kupima unyevu wa nguo kwenye kamba: anashika sketi ya mkewe, njia nzima ikimwona, anafumba macho, kisha anatangaza, "Bado. Dakika ishirini."

"Baba Akello," Christabel akamwambia, "tafuta kazi, ama nitakata hiyo kamba."

Kazi ikaja kwa miguu minne. Jirani yao Kiplangat, mfugaji aliyewaletea maziwa kila jioni, alikwenda kumtembelea dada yake Kimulot, akarudi na mtoto wa mbwa ndani ya koti. Alikuwa mwekundu, sikio moja limesimama na jingine limelala, tumbo kama birika.

"Huyu, mama yake alifukuza chui," Kiplangat alisema.

"Chui?"

"Ama kitu kama chui. Kulikuwa na giza."

Obiero akampokea. Mtoto wa mbwa akamlamba kidole gumba, akapiga miayo, akalala palepale kiganjani. Mikono ikawa imepata pa kwenda.

Jina halikuhitaji kikao. "Ataitwa Meneja."

"Kwa nini Meneja?" Christabel aliuliza.

"Miaka thelathini na moja meneja ananiambia njoo, nenda, kaa. Sasa ni zamu yangu."

Alimjengea kibanda kizuri nyuma ya jikoni, lakini usiku wa kwanza siafu wakakivamia, na Meneja akaokolewa akipiga mayowe ambayo hata Kiplangat aliyasikia ng'ambo ya bonde. Baridi nayo ilikuwa ile ya Julai, inayoingia kwenye mifupa bila kubisha. Basi ikaamuliwa mbwa alale sebuleni, karibu na mlango, juu ya gunia lililokunjwa mara nne.

Asubuhi gunia lilikuwa limelowa chapachapa. Asubuhi ya pili vilevile. Asubuhi ya tatu Meneja alikuwa amehama gunia lake lililolowa, akaenda kumalizia kwenye kapeti.

Kapeti hiyo ndicho kitu pekee ndani ya nyumba ambacho Christabel hakuruhusu kikanyagwe na viatu, hata vya mchungaji. Na wiki hiyohiyo akina mama wa kanisa walikuwa wamepanga kuja kusali kwake kwa mara ya kwanza. Alikuwa amefua vitambaa vyote vya sofa. Alikuwa amenunua visahani vipya.

"Nakupa mpaka Jumamosi," alisema, amesimama juu ya doa kama hakimu. "Jumamosi asubuhi gunia likiwa kavu, mbwa anakaa. Likiwa limelowa, Kiplangat anamrudisha Kimulot kabla ya wimbo wa kwanza."

"Mama Akello, huyu ni mtoto."

"Na mimi ni mtu mzima mwenye kapeti."

Obiero alimtazama Meneja, na Meneja akamtazama kwa yale macho ya mtu asiyejua kwamba kesi ni yake. Halikuwa jambo la mbwa peke yake. Ikiwa yeye, Obiero Ogada, aliyekausha majani ya chai malori kwa malori, atashindwa kukausha gunia moja, basi yule kijana mwenye tai alisema kweli.

Akampigia simu binti yao, Akello, aliyekuwa chuoni akisomea afya ya mifugo.

"Baba, si hasira inayotakiwa, ni utaratibu," Akello alisema. "Ikifika saa kumi na mbili jioni, maji basi. Hata tone. Chakula ale mapema. Akila, nje. Kabla ya kulala, nje, na usimame naye mpaka amalize. Alfajiri, nje kabla hajapata nafasi ya kufikiria. Akifanya vizuri, msifu. Akikosea, usimpige."

Obiero aliyaandika yote kwa makaa kwenye kipande cha katoni, akakipigilia nyuma ya mlango. Juu yake aliandika: SHERIA ZA ZAMU.

Akaingia zamu kwelikweli. Saa kumi na mbili kamili kwa ile saa ya ukutani, bakuli la maji liliondolewa na ndoo ikafunikwa, jiwe juu yake. Mvua ikinyesha, alisimama uani na mwavuli. Mwavuli ulimkinga Meneja, Obiero akalowa.

"Meneja, fanya kazi!"

Wachumaji chai waliokuwa wakirudi nyumbani na vikapu mgongoni walisimama barabarani kutazama. "Mzee, meneja amekataa kazi?" mmoja aliuliza.

"Bado anafikiria."

"Basi huyo ni meneja kweli!"

Meneja alipoinama mwishowe, Obiero alipiga makofi. "Hongera! Meneja amefanya kazi!"

"Andika tarehe, Mzee!" wakamjibu wale wachumaji. "Haitatokea tena!"

Na bado kila asubuhi gunia lilikuwa limelowa. Obiero alipiga magoti, akaweka kiganja, akafumba macho. Jumatatu: "Asilimia sabini." Jumanne: "Sabini na mbili." Aliandika kwa chaki mlangoni. Jumatano, sabini na tano. Badala ya kushuka, unyevu ulikuwa ukipanda! Alipanda darini kutafuta bati linalovuja, hakuna. Alikagua ndoo, jiwe lilikuwa mahali pake. Jioni, wakati Christabel akimimina chai kama kawaida na Kiplangat akinywa yake kwenye veranda, alianza kuwahoji.

"Mama Akello, unampa mbwa maji?"

"Mimi? Naapa, hata tone."

"Kiplangat, wewe je?"

"Maji? Mzee, hata ng'ombe yangu sijapatia maji tangu asubuhi, nitoe wapi ya mbwa wako?"

Aliwaamini, na alifanya vyema, kwa sababu hakuna aliyesema uongo.

Alhamisi ilikuwa asilimia sabini na sita. Christabel alimwambia Kiplangat aje Jumamosi na kikapu. Alisema hivyo akiwa amempa mumewe mgongo, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyeshinda kesi. Usiku huo Obiero alikula kidogo. Baada ya chakula alikaa na kikombe chake, Meneja akiwa ameegemeza kidevu kwenye kiatu chake.

Ijumaa, saa kumi na moja jioni, mbingu zilifunguka. Ilikuwa mvua ya mawe ile wanayoijua wenye mashamba ya chai, inayogeuza mabati kuwa ngoma na kuacha michai imebaki vijiti. Njia ya bondeni ikawa mto. Kiplangat hakuvuka, na kwa hiyo maziwa hayakuja.

Nyumba ya Christabel haikujua turungi. Chai kavu bila maziwa kwake ilikuwa chai ya matangani, au ya mgeni unayetaka aondoke. Chupa ya chai ikabaki imepinduliwa kwenye kabati. Wakala ugali na sukuma wiki, wakanuna, na Obiero akampeleka Meneja nje mara ya mwisho kama mtu anayemsindikiza ndugu stendi. Wakalala mapema.

Jumamosi alfajiri, mbwa aliporudishwa ndani kutoka uani, Obiero alipiga magoti mbele ya gunia. Akaweka kiganja. Akafumba ngumi. Akaliinua gunia mpaka sikioni.

Halikulia.

"Mama Akello! Njoo ushike!"

"Mimi sishiki mkojo asubuhi."

"Ndiyo maana nakuita! Haupo!"

Christabel akaja na leso kichwani. Akagusa kwa kidole kimoja, halafu kwa mkono mzima. Gunia lilikuwa kavu kama gazeti. Obiero akalitupa begani na kuzunguka nalo sebuleni, kando ya kapeti, akicheza mabega kama kijana, Meneja akimkimbiza na kung'ata ncha.

"Wako wapi wenye tarakimu nyekundu? Waje hapa waone! Ni utaratibu huu! Ni mwavuli!"

Kiplangat akatokea mlangoni, maziwa mkono mmoja, kikapu mkono wa pili.

"Chamgei," akasalimu. "Poleni kwa jana, mvua ya mawe imenimaliza. Chai yangu yote imebaki kuni." Akamwinamia mbwa. "Na wewe pole, rafiki. Najua jana ulilala bila kikombe yako."

Obiero akaacha kucheza. "Kikombe gani?"

"Ya jioni." Kiplangat alishangaa kuulizwa. "Si mama hunipatia chai nikileta maziwa? Huyu anakuja anakaa hapa, ananiangalia mdomo. Sasa mimi mtu mzima, nitakunywa chai peke yangu na mwingine anameza mate? Huwa ninamwachia nusu."

"Nusu!"

"Nusu kubwa."

"Na sheria?" Obiero alinyoosha kidole nyuma ya mlango. "Hata tone!"

"Tone ya maji, Mzee. Niliisoma. Mimi nilimpatia chai."

Obiero alimgeukia mkewe ili washangae pamoja. Christabel alikuwa akinyoosha vitambaa vya sofa, ambavyo vilikuwa vimenyooka tayari.

"Mama Akello."

"Wakati wa taarifa ya habari," alisema, akiongea na kitambaa. "Kwa kisahani. Wewe unakuwa uani unatafuta mwavuli, naye analia. Ni kidogo tu. Na sukari."

"Sukari!"

"Chai bila sukari ni adhabu. Kosa lake ni lipi?"

"Nyinyi wawili," Obiero alianza, kifua kimejaa, "nyinyi wawili mngefukuza kiumbe wa Mungu—"

Hapo akakikumbuka kikombe chake mwenyewe. Kila usiku baada ya chakula alikiweka sakafuni, na Meneja akaramba kilichobaki. Na siku zilivyokwenda, Obiero alibakisha zaidi na zaidi. Haikumjia hata mara moja akilini kwamba hicho ni kitu. Na nani angehesabu? Huku mtoto hunyweshwa chai kabla hajaota meno. Mgonjwa hupewa chai, mfiwa hupewa chai, hata polisi akija kumkamata mtu hukaribishwa chai kwanza. Maji ni maji. Chai ni adabu. Kwa adabu hiyo, mnyama asiyezidi birika kwa ukubwa alikuwa analala na vikombe vya watu watatu tumboni.

Angeweza kunyamaza. Kijana mwenye tai angenyamaza, na lawama ingebaki kwa wadogo, kama kawaida ya dunia. Obiero akashusha gunia begani.

"Na mimi," alisema. "Mwisho wa kikombe. Kila siku."

Kiplangat akacheka mpaka kikapu kikamdondoka, Christabel akajifunika uso kwa kitambaa cha sofa, mabega yakitikisika, na Meneja akaingia ndani ya kikapu kuona kuna nini.

Alipotulia, Kiplangat aliuliza, "Sasa mama, niende naye?"

Wote wakamtazama Christabel. Yeye akalitazama gunia.

"Nilisema likiwa kavu, anakaa. Ni kavu. Toa huyo mbwa kwa kikapu, Kiplangat, na ulete hayo maziwa. Nina wageni."

Obiero alichukua kipande cha makaa, akaongeza mstari kwenye katoni: CHAI PIA NI MAJI. Christabel aliusoma mara mbili, akasema hakuna neno la huzuni zaidi lililowahi kuandikwa katika nyumba yake. Mchana huo akina mama walisali na kuimba, na Obiero alisimama nyuma ya sofa akilinda visahani kama askari wa geti. Kila mkono wenye huruma uliposhuka kuelekea sakafuni, aliukoholea.

Tangu siku hiyo gunia halijalowa. Sheria inafuatwa. Lakini sheria haiwezi kumfundisha mtu kunywa chai mbele ya macho yale. Kwa hiyo kila jioni, saa moja ikifika, Obiero, Christabel na Kiplangat huingia jikoni, wakafunga mlango, wakasimama wamebanana kati ya jiko na ndoo, wakipuliza vikombe vyao kwa uangalifu.

"Amelala?" Christabel hunong'ona.

Kiplangat huweka jicho kwenye tundu la ufunguo. "Bado. Amekaa kwa kapeti. Anasikiliza."

"Basi usivute chai kwa kelele, omera, ndugu yangu," Obiero humwambia, yeye aliyedhani amestaafu, akinywa chai yake kwa haraka, amesimama, ili Meneja asijue.