Karatasi za Mzee Aliyeacha Chakula Chake

Karatasi zile zilinukia karafuu. Mama alikuwa akiziweka chini kabisa katika sanduku la kanga, pamoja na konzi ya karafuu kavu za kufukuzia mende, na kila alipofunua kifuniko harufu ilitangulia kutoka. Tulikaa kijiji cha misheni, kusini ya mji, njia ya Kiembe Samaki, miaka michache kabla ya vita kuu vya kwanza. Wengi wa watu wazima pale waliletwa Unguja kutoka bara wakiwa watumwa, wakaja kuachwa huru, na Mama alikuwa mmoja wao. Kusoma hakujua. Alimfulia nguo bibi mmoja wa Kizungu, mwalimu wetu wa zamani, na bibi yule aliporudi kwao alimwachia karatasi kumi na mbili alizoandika kwa mkono wake. Zilikuwa na hadithi ya mzee mcha Mungu aliyeishi uhamishoni, mwanawe, malaika aliyesafiri na kijana huyo bila kujulikana, na mbwa wao.

Kila Jumapili baada ya kula, Mama alikaa mkekani akisuka ukili nami nikamsomea. Mimi nilimpenda yule mbwa, maana mbwa wa kwetu kazi yao ilikuwa kupigwa mawe tu, na huyu alifuatana na malaika. Mama hakujali mbwa. Yeye alitaka karatasi ya tatu, pale mzee anapokaa kula siku ya sikukuu, akaambiwa kuna maiti ametupwa njiani, naye akaondoka bila kuonja kitu, akaenda kumsitiri kaburini. "Rejea hapo anapoinuka," Mama alikuwa akiniambia, na mikono yake ikasimama. Nilirejea mpaka nikachoka.

Mwaka ule tuliletewa mwalimu mpya, Mwalimu Danieli, kijana wa bara, kanzu yake imenyooka kwa pasi na moyo wake vivyo hivyo. Jumamosi ya kuamkia Pasaka alitaka mtoto mmoja asimulie habari kutoka Biblia. Kwa kiherehere changu nikasimama mimi, nikamsimulia habari ya mbwa na malaika, nikamwambia nimeisoma katika karatasi za Mama. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Hayo hayamo katika Biblia, Agnesi," akasema. "Ni maneno ya watu tu. Jumatatu uniletee karatasi hizo zote." Darasa zima lilicheka, na njia nzima waliniita Mama Mbwa. Nilifika nyumbani nimefura, lakini sikumwambia Mama neno. Yeye aliamini kwamba ni Neno la Mungu, na mimi niliogopa kumwona akilia.

Siku ya Pasaka tulikuwa na wali wa nazi na kuku wa kupaka. Nimekula vyakula vingi tangu siku ile, na bado nautamani wali ule. Ndiyo kwanza Mama amekata tonge, alipopiga hodi jirani yetu Mzee Juma, Mwislamu, mkwezi wa minazi. Akasema Bi Zafarani amekutwa kibandani kwake, ameshakufa.

Bi Zafarani alikuwa kikongwe aliyekaa peke yake nyuma ya shamba. Si Mwislamu, na ubatizo aliukataa miaka yote. Alisema mama yake akija kumtafuta hatamjua kwa jina jipya. Kwa hiyo makaburi ya kanisa hayakuwa yake, na ya Waislamu pia hayakuwa yake. "Mwalimu kasema asiguswe," Mzee Juma akaeleza. "Kesho, sikukuu ikishapita, vibarua watamfukia kichakani."

Mama alilirudisha tonge sahanini. Hapo ndipo nilipojua kwa nini aliipenda karatasi ya tatu, kwani alimwambia Mzee Juma, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba siku walipoteremshwa Unguja dada yake alikuwa ameshakufa chomboni, akatupwa mchangani, na yeye akavutwa mkono akapitishwa.

"Agnesi!"

"Naam, Mama."

"Lete ile karatasi. Nisomee."

Nikaileta. Mama hakuwahi kuipinga misheni hata mara moja. Uhuru wake aliupata kwao, na Mwalimu ndiye aliyekuwa msemaji wao. Alitaka kusikia kwanza kwamba Mungu mwenyewe amesema. Neno langu moja, kwamba hayo hayamo katika Biblia, lingetosha kumkalisha chini, na Bi Zafarani angefukiwa kama mzoga. Na kunyamaza kulikuwa ni kumdanganya mama yangu. Nilisoma mpaka pale mzee anapoinuka. Mama naye akainuka.

"Mama, wali unapoa," nikasema.

"Uache upoe."

Alimwosha Bi Zafarani kwa mikono yake, akamvika kanga yake mpya ya sikukuu. Mzee Juma alichimba kaburi katika kipande chetu cha shamba, kando ya mihogo. "Mimi nnachimba tu, Mama Agnesi," alisema. "La kumwombea mtalijua wenyewe." Mama akasali Baba Yetu, basi. Tulipokuwa tukinawa mikono nikashindwa kuvumilia, nikamwambia yote.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu jana."

Alinitazama sana. "Bi Zafarani kazikwa, hakuzikwa?"

"Kazikwa."

"Basi. Lakini usinifiche tena jambo." Jumatatu alizipeleka karatasi mwenyewe, akamweleza Mwalimu alilolifanya na karatasi iliyomtuma. Mwalimu alizifungia kabatini, na hatukuziona tena. Nililiwazwa na harufu yake tu, iliyobaki kwenye kanga.

Ukubwani ndipo nilipokuta hadithi ile imechapwa ndani ya Biblia za Wakristo wengine, na kwingine haimo, na nikasikia kwamba wasomi wanaibishania tangu zamani. Wajukuu wangu waliosoma huniuliza maandiko ya pembeni yana faida gani kwa Mkristo wa leo, ikiwa imani haijengwi juu yake. Siwezi kubishana nao. Sikuyafanya kuwa sheria, na Mwalimu Danieli simlaumu tena. Lakini mahubiri niliyoyasikia maisha yangu yote nimeyasahau mengi, na karatasi moja isiyokuwamo katika Biblia yetu ilimwinua mama yangu kwenye chakula. Siku hizi dini tunaijua sana, na jirani hufa siku mbili hatuna habari. Nawakumbuka watu wa kijiji kile, na roho huniuma.

Basi kila Pasaka, sahani zikishawekwa, mimi hutoka kwanza nikabisha hodi kwa jirani wanaokaa peke yao, mlango hata mlango, nikawaamkia na kungoja waitikie. Mwaka huu kitukuu changu alinikimbilia hadi nje. "Bibi, njoo, wali unapoa!"

"Uache upoe," nikamwambia. Akanishika mkono, tukaenda mlango wa pili.