Moshi Ulionitoka Kinywani Uyole

Hofu yangu ya Uyole iligharimu jogoo mmoja. Shangazi alimchinja ili ninyamaze. Leo nimefungua robota la masweta ya mitumba, harufu yake, kama ya sweta la shangazi, ikanirudisha asubuhi yangu ya kwanza kwake Uyole.

Nilikuwa mtoto wa Ubaruku, wa mpunga na joto. Nilipotoka nje na kupumua, moshi ukanitoka kinywani. Nikajua naungua ndani. Nikafunga mdomo, ukatokea puani. Nikakimbilia ndoo, nikanywa kikombe, nikaongeza cha pili. Meno yakagongana, moshi haukukoma.

"Shangazi, naungua!"

Akacheka, naye akafuka. Nikapiga yowe: kumbe tunaungua wote!

"We mtoto, hiyo ni pumzi tu! Kwenu bondeni kuna joto, haionekani. Huku tuko juu, na ukizidi kupanda hewa inazidi kupoa. Pumzi ya moto ikikutana na baridi inageuka ukungu."

Nilimla yule jogoo huku nikijichungulia puani.

Kesho mwanangu anapanda Uyole kwa mara ya kwanza. Nimemweleza mara mbili, anaitikia tu kama mteja asiye na hela. Nishaurini: nipande naye, au nimwache aogope mwenyewe?