Jina Lililoitwa Vilima Vinne

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hunijia hata nikiwa kazini, wembe uko hewani na kichwa cha mteja kimejaa povu, nami nasimama tu, mpaka mtu wa watu anauliza kama nimeona jipu. Huwa nasema hapana, nilikuwa nasikiliza. Wanacheka. Wewe usicheke, kaa hapa karibu nikueleze nilichokuwa nasikiliza. Mimi si mzee, ndevu zangu bado nyeusi, lakini kuna mchana mmoja unaoweza kumkomaza mtu kuliko miaka, na huo nilipewa nikiwa na miaka ishirini na mbili.

Wakati huo nilikuwa kinyozi pale Nyanchwa, na kulala nililala nyumbani, karibu na Nyakoe. Shule niliachia kidato cha pili. Kichwa changu kilikuwa na ndoto nyingi kuliko nywele nilizofagia kwa siku. Nilikuwa nimeona kwenye simu watu wakilipa ili watembezwe milimani, nikajiuliza, sisi tuliozaliwa juu ya vilima tunangoja nini? Nikapanga njia yangu. Nitoke nyumbani kabla jua halijatoka, nipande ukingo wa Manga, nipite kilele baada ya kilele mpaka Magwagwa. Vilima tisa, mchana mmoja, peke yangu. Kila nikifika juu nikae niandike kwenye daftari kinachoonekana kutoka hapo. Nikimaliza, niwe na kitu cha kuwaambia wageni.

Jioni ya kuamkia safari nilisema jambo hilo tukila. Tata, yaani baba yangu, babu yako, alicheka mpaka ugali ukamkwama.

"Kilima ni cha mbuzi," akasema. "Mtu mwenye akili hupita chini, kwenye barabara."

Halafu, bila kuniangalia, akaniuliza nitatoka saa ngapi. Nikamwambia. Akauliza nitapitia wapi. Nikamwambia. Akaiegemeza fimbo yake ukutani, akawa anausugua mguu wake wa kushoto. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na mguu ule ulikuwa na kidonda kidogo kilichokataa kufunga.

Mwanangu, huku kwetu baba na kijana aliyetahiriwa wana haya kati yao. Hawataniani. Baba haingii nyumba ya mwanawe, na hamwombi mambo madogo madogo. Kwa hiyo maswali yake niliyachukua kama ya mtu anayetaka kujua ng'ombe atakamuliwa na nani.

Kuna jambo lingine ni lazima ulijue. Kule kazini waliniita Denno, lakini nyumbani mimi ni Onchari. Ni jina la baba yake tata, aliyekufa kabla sijazaliwa. Magokoro, bibi yangu, mke wa huyo Onchari wa kwanza, hakuwahi kulitamka jina hilo akiniita. Aliniita "mume wangu" na kunicheka nikishindwa kupasua kuni. Lakini jambo moja alinifundisha akiwa hacheki. Alisema, "Ukiitwa mahali pa juu na humwoni anayekuita, usiitike. Hilo jina lina mwenyewe wa kwanza. Huenda ni yeye anaitwa. Ukiitika, umekubali kwenda badala yake."

Basi nikaondoka na ndizi mbivu nne, soda moja na daftari. Simu niliizima. Nilitaka siku iwe yangu.

Kilima cha kwanza nilikipanda ndani ya ukungu. Sikuona mbali zaidi ya mkono wangu. Umande ulidondoka kutoka mikaratusi kama mtu anayehesabu polepole. Nilikaa juu, nikaandika kwamba hakuna kinachoonekana, nikacheka peke yangu, na kicheko kikanirudia kutoka upande ambao sikukitupa.

Kilima cha pili kilikuwa ukingo wa Manga. Pale ukungu ulikuwa umekaa chini kama maziwa kwenye sufuria, na mbali kabisa ziwa liling'aa kama bati jipya. Nilifunga daftari, nikaanza kushuka upande wa pili. Ndipo nikasikia.

"Onchariii."

Ilitoka chini, ndani ya weupe ule. Ilikuwa ndefu na nyembamba, wala sikuweza kusema ni ya mwanamume au ya mwanamke. Nikasimama, na nywele za shingoni zikasimama pia. Huko hakuna aliyenijua. Na anayenijua kazini angesema Denno.

Sikuitika. Niliongeza mwendo.

Kwenye kilima cha tatu, mbuzi waliokuwa wakila karibu nami waliinua vichwa vyote pamoja wakatazama nyuma ya mgongo wangu. Wakatafuna, wakatazama. Kisha jina likaja tena. Kwenye kilima cha nne, mama mmoja aliyekuwa akianika nguo nje ya nyumba yake aliniitikia salamu, lakini macho yake yalipita juu ya bega langu yakabaki huko. Mbwa wake alibwekea njia niliyotoka. Nilipofika bondeni, jina likaja, na baada yake kikohozi.

Mpaka hapo nilikuwa nimeacha kuandika. Nilikuwa natembea kama mtu aliyebanwa tumbo. Kila nikishuka kutoka kileleni, naitwa. Jua lilikuwa kali, watu wako mashambani, magari yanasikika barabarani, na mimi naogopa mchana kweupe. Kwenye kilima cha tano sauti iliongeza neno.

"Onchari. Ngoja."

Nikajiambia, kumbe wafu nao husema ngoja. Nikakimbia.

Kwenye kilima cha sita hakukuwa na sauti. Nilisimama juu, nikasubiri kuitwa, sikuitwa. Mwanangu, kimya kile kilinitisha kuliko jina. Nilikuwa nimekwisha kuzoea kufuatwa. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa Nyamira, meusi, na radi ikawa inanguruma bila haraka.

Mvua ilinikuta nikipanda cha saba. Nikaingia kwenye kibanda cha kupimia majani chai, na ndani mlikuwa na mama mzee mmoja amekaa juu ya kikapu chake, amejifunga karatasi ya plastiki kiunoni. Alinitazama jaketi langu jekundu, akanitazama uso.

"Wewe ndiye Onchari?"

Nilirudi hatua moja, mvua ikanipata mgongoni.

"Nakuuliza. Ama masikio uliyaacha kwa kinyozi?"

"Umelijuaje jina langu, mama?"

"Nani hajalijua? Limeimbwa tangu asubuhi. Dada yangu wa kule ng'ambo ya bonde amenipigia, ati kuna mzee anachechemea na fimbo, anamfuata kijana wa jaketi jekundu, na kijana anakimbia kama ameiba kuku. Umeiba kuku?"

"Sijaiba."

"Basi kwa nini humwitikii?"

Nikamweleza maneno ya bibi yangu. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za nyumbani kwake.

"Amekufundisha vizuri. Hata mimi wangu nawafundisha hivyo. Lakini alikwambia usiitike. Alikwambia usigeuke?"

Nikatoa kichwa nje ya kibanda, nikatazama njia niliyotoka.

"Humwoni mtu ukiwa umempa mgongo, mwanangu. Na mfu hana kikohozi. Yule anakohoa, kwa hiyo ana kifua, na sasa hivi kifua hicho kinanyeshewa. Kwenu kuna mzee mwenye fimbo?"

Hapo ndipo nilipojua kuwa ni tata. Nilitoka bila hata kumuaga, na mvua ikageuka kuwa mawe.

Kurudi nilirudi njia ileile. Kwenye matope ya kilima cha sita nilitafuta alama, nikaona za viatu vyangu tu. Nikashuka, nikapanda cha tano. Karibu na kilele nikaona alama za viatu vyangu tena, na safari hii kando yake palikuwa na tundu la fimbo, na mguu mmoja uliokanyaga, na mwingine uliojiburuta. Zilikwenda pamoja na zangu, hatua kwa hatua, kama watu wawili wanaotembea wakizungumza. Halafu juu kabisa zikaisha. Fimbo ilikuwa imelala kwenye nyasi. Mtu hakuwepo.

"Tata!" nikaita.

Mawe ya mvua yalipiga majani. Niliita tena na tena. Nikajua jinsi inavyokuwa kumwita mtu wako na dunia ikakunyamazia.

Nilimpata chini kidogo, ameegemea mwamba, mawe meupe yamejaa mapajani mwake kama mahindi. Kiatu kimoja kilikuwa kimetoka na soksi ilikuwa na damu. Alikuwa amejidunga dawa yake ya asubuhi na kutoka mbio bila kula, asinipoteze. Sukari ilikuwa imeshuka mpaka akili ikaanza kumwacha. Alinitazama, macho yamefunguka lakini hayanioni mimi.

"Tata," akaniambia. "Onchari. Umekuja kunichukua?"

Mwanangu, alikuwa akizungumza na baba yake. Aliniona mimi, akamwona yule mwenye jina. Na mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye barafu, mahali pa juu, naitwa kwa jina ambalo nilikatazwa kuliitikia. Niliogopa. Sitakudanganya kwamba sikuogopa. Niliona kabisa kwamba nikisema ndiyo, kuna mlango naufungua. Lakini babu yako alikuwa anangoja kuitikiwa tangu asubuhi.

"Ndiyo," nikasema. "Nimekuja. Kunywa hii, halafu twende nyumbani."

Nikamnywesha soda kidogo kidogo mpaka akanitambua. Kisha nikambeba mgongoni hadi barabarani, na mwenye boda boda akatupeleka katikati ya mvua mpaka hospitali mjini. Uhai waliuokoa. Vidole vitatu vya mguu wa kushoto walivikata.

Siku ya nne pale wodini nilishinda ile haya yetu, nikamuuliza alikuwa ananifuatia nini. Aligeukia ukuta.

"Nilitaka uningoje twende wote," akasema. "Nimeishi chini ya Manga maisha yangu yote. Sijawahi kukaa juu pale na mtu wangu tukatazama ziwa. Jioni ile nilitaka kukuomba. Nikaona haya."

Hajapanda kilima tangu siku hiyo, na hatapanda. Mimi huwapeleka wageni mara mojamoja, na wanaponiuliza ni nini hicho kinachong'aa kule mbali, nawajibu, kisha nageuka kutazama nyuma.

Kwa hiyo nisikilize vizuri. Woga wa wakubwa wako usiudharau, uubebe, una sababu zake. Ila ukiitwa, kabla hujaogopa, geuka utazame. Simama upoteze dakika tano, kilima hakiendi popote. Na ukitamani kwenda na mtu, mwambie mkiwa bado mnakula, hata kama uso unawaka kwa haya, hata kama mtu huyo ni mimi. Usimwache akatafsiri maswali yako.

Mungu akupe shingo nyepesi ya kugeuka, mwanangu, na miguu isiyochoka kurudi. Akujalie watu wa kukungoja kila kilele utakachopanda, na akufikishe huko ukiwa umemshika mtu mkono.