Barua Niliyojiandikia

Barua iliyosema kwamba mimi ni mfanyakazi hodari niliiandika mwenyewe. Naanza na hilo kwa sababu nililificha kwa zaidi ya miezi miwili, na kulificha kulinichosha kuliko kulifanya.

Msomaji wa huku kwetu hatashangaa sana. Ukifanya kazi katika duka la mtu au karakana ya mtu, ukahitaji barua ya kuthibitisha kazi yako, mwajiri hukwambia, "Iandike, uniletee nitie sahihi." Si uvivu. Ana wateja mlangoni, na anaamini wewe uliyekaa shuleni zaidi ndiwe unayejua barua kama hizo zinavyotakiwa kusomeka. Unaandika, anagonga muhuri, mnarudi kazini. Kaka yangu, ambaye ni fundi wa mitambo kiwandani na ndiye ninayeishi naye mtaa wa Fedha, ameandikiwa barua tatu maishani mwake, na zote zina mwandiko wake.

Mwajiri wangu ni mama mmoja anayeuza vipuri vya cherehani upande wa Shauri Moyo, hatua chache kutoka soko la Gikomba. Anauza sindano, bobini za kuzungushia uzi, mikanda, skrubu ndogo ambazo zikianguka chini huzipati tena. Ukuta mzima wa duka ni droo. Nilikuja kwake kuuza. Nilikuwa na diploma ya mambo ya hoteli na hakuna hoteli iliyonitaka, na nilikuwa nikijifunza kuandika programu, kwanza kwa simu, halafu kwa kompyuta kuukuu ambayo kaka aliipata kazini kwao walipobadilisha mashine.

Hakuna aliyenifundisha. Aliyejifundisha mwenyewe ana shida yake: hajui kama anachokijua kinatosha, kwa hiyo hukirudia. Naweza kuandika kitu kikafanya kazi, nikakifuta, nikakiandika upya kwa sababu sikupenda kinavyoonekana. Hivyo ndivyo nilivyotengeneza programu ya duka. Fundi wa cherehani aliyeko mtaa wa Mukuru kwa Njenga anatuma picha ya kipuri kilichovunjika, programu inatafuta kinachofanana nacho, inasema kiko droo gani na kinaingia katika cherehani zipi. Niliitengeneza kwa sababu nilichoka kufungua droo arobaini kwa ajili ya skrubu moja. Baadaye mama akaniambia niache kuuza, nikae nayo.

Sasa, habari ya mkoa. Nilikuwa nikidhani nchi ya mbali ina mlango mmoja, mkubwa, wa watu wenye shahada. Siku moja nikiwa natafuta jambo lingine kabisa nikagundua kwamba kule Kanada mikoa nayo ina milango yake. Mkoa ukiona vijana wake wanahamia miji mikubwa, unatafuta watu wa nje wenye ujuzi unaohitajika, watu wa kompyuta wakiwemo. Ukikubali kwenda kuishi huko na kazi yako ikathibitishwa, mkoa unapendekeza jina lako kwa serikali kuu, na serikali kuu ndiyo inayotoa ukaazi wa kudumu.

Kilichonishika si ukaazi kwanza. Kilichonishika ni hilo wazo la mahali panapoomba watu waje kukaa. Huku estate, mtaani kwetu, nyumba ikibaki tupu asubuhi, jioni tayari ina pazia la mtu mwingine. Sikuweza kuelewa mji wenye nyumba zinazosubiri. Nikachagua mkoa mmoja, na mji wake mmoja mdogo, nikaanza kuusoma mji huo kama mtu anayesoma barua za jirani. Nilijua maktaba yake inafungwa saa ngapi. Nilisoma kumbukumbu za mikutano ya baraza lao, jinsi walivyobishana vikao viwili kuhusu benchi moja la bustani. Kila asubuhi nilitazama hali yao ya hewa kabla ya kufungua dirisha nione yetu.

Kaka alianza kuniita Mkanada.

"Niaje, Mkanada. Huko kwenu kumeamkaje?"

"Theluji."

"Na sweta umefua?"

Alicheka, lakini ndiye aliyeniambia nisizungukezunguke, nipeleke maombi. Masharti yalitaka miaka miwili ya kazi katika ujuzi wenyewe, na barua ya mwajiri inayosema nilianza lini, nafanya saa ngapi kwa wiki, na kazi zangu hasa ni zipi. Hapo ndipo mama aliponiambia niiandike.

Niliiandika mara tisa. Mkoa wenyewe una orodha ya kazi anazofanya mtengenezaji wa programu, iliyopangwa vizuri, kila mstari na kitenzi chake. Nikajiuliza, nani anajua kuisema kazi hii kuliko wao? Nikaichukua orodha ile karibu yote, nikabadilisha maneno machache. Tarehe ya kuanza nikaandika siku niliyoingia dukani kwa mara ya kwanza, ingawa miezi saba ya mwanzo nilikuwa nauza sindano tu. Kwa hesabu hiyo miaka miwili ilitimia kamili. Sikujiambia kwamba nadanganya. Nilijiambia kwamba nanyoosha. Mama alitia sahihi akiwa ameshika simu kwa bega, bila kusoma.

Miezi miwili baadaye jibu likaja. Ilikuwa Jumanne asubuhi na nilikuwa napanga pakiti za sindano. Barua pepe ilikuwa na adabu, na adabu ile ndiyo iliyonitia hofu. Walisema kazi zilizotajwa katika barua ya mwajiri zinafanana sana na maelezo yao wenyewe. Waliona pia kwamba biashara ni duka la vipuri vya cherehani. Waliomba mwajiri aeleze kazi yangu kwa maneno yake, ndani ya siku thelathini, na wakasema huenda wakampigia simu.

Nilikaa juu ya katoni. Mtu mwingine angekwenda moja kwa moja kwa mama akamwambia. Mimi nilitumia muda wa chakula cha mchana kuandika barua mpya kwa sauti ya mama. Niliifanya fupi, ya mtu mwenye haraka. Nikaweka makosa mawili madogo ya tahajia, kwa makusudi, ili ionekane imeandikwa na mfanyabiashara. Hilo ndilo jambo ninaloona aibu nalo mpaka leo, hata kuliko tarehe. Nilikuwa nimekaa na mtu huyu miaka miwili, na nilidhani atatambulika kwa makosa.

Nilipompa, aliniangalia usoni, akauliza kama naumwa. Halafu akavaa miwani akaisoma.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi, Mama."

"Na huyu anayeongea?"

"Ni wewe."

Akavua miwani. "Mimi siongei hivi. Na hapa umenitia makosa ya kuandika. Nilikuwa wa pili darasani, wewe msichana."

Nilimwambia yote, nikiwa nimesimama, mteja mmoja akisubiri mkanda na kusikiliza bila kuficha. Nilimweleza mkoa ni nini, wanapendekeza vipi, kwa nini wanataka watu, mpaka habari ya benchi la bustani. Nilitegemea hasira. Alichotaka kujua ni wale watu wanatafuta nini hasa. Nikasema wanataka kujua nafanya nini hapa.

"Hilo tu? Basi si waniulize mimi."

Alichukua daftari la shule kutoka chini ya kaunta akaanza siku ile ile. Ilimchukua siku mbili, kwa sababu aliandika kati ya mteja na mteja, na kwa sababu alikuwa akiuliza. Aliuliza mafundi waliokuja wanakumbuka lini walianza kutuma picha. Mmoja akasema ni kabla ya shule kufunguliwa, mwingine akabisha, wakazozana kidogo. Mimi aliniuliza ile kazi ya picha ilianza lini. Nikasema, kwa sauti ndogo, kwamba nilikuwa nikiifikiria tangu mwanzo.

"Mwanzo ulikuwa unauza. Tena ulikuwa unauza vibaya. Kompyuta ilikuja baada ya binti yangu kuolewa, nakumbuka kwa sababu siku ya harusi ulinipigia kuniuliza skrubu iko wapi." Akahesabu kwa vidole. "Miezi saba huna kitu."

Nilimsihi. Sitaficha. Nilimwambia bila miezi ile miaka miwili haitimii, kwamba hata nikiongeza miwili iliyopita tangu nipeleke maombi, napungukiwa na mitano, na faili litafungwa. Nilimwambia ni tarehe moja tu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Nikipigiwa simu na mtu mwenye adabu zake, akaniuliza, nimwambie nini? Nimwimbie?"

Nilirudi kupanga sindano.

Barua yake ilijaa kurasa mbili, kwa Kiswahili, maana alisema Kiingereza chake ni cha kuongea na benki. Nilipewa niisome kabla ya kuipeleka kwa mtafsiri aliyeidhinishwa, kule mjini. Iliandikwa hivi, sehemu yake: "Alipiga picha vipuri vyangu vyote kimoja kimoja. Vingine alivirudia mara tano mpaka nikamwambia inatosha. Anauliza mafundi maswali mengi, cherehani ni ya aina gani, kilivunjika ukishona nini, mpaka wengine wanamkimbia. Siku moja kompyuta ilimpa fundi kipuri kisicho chake. Mfanyakazi huyu alilia, halafu akarekebisha siku hiyo hiyo, na haijarudia. Wateja wakizidi anaacha kompyuta anakuja kuuza."

Niliisoma mara nyingi. Mara ya kwanza niliona tu yale niliyotaka kuyafuta, kulia, na kukimbiwa na mafundi. Mara ya tatu au ya nne nikafungua ile orodha ya mkoa nikaiweka kando ya daftari. Mstari wao wa kwanza ulisema kuchunguza mahitaji ya watumiaji. Nilikuwa nimeunakili mstari huo bila kujua maana yake. Maana yake ilikuwa wale mafundi wanaonikimbia. Nikashuka mstari kwa mstari, nikitafuta mwingine, kama mtu anayelinganisha kipuri na picha. Kujaribu programu ilikuwa zile picha nilizorudia mara tano. Kurekebisha hitilafu ilikuwa siku niliyolia. Sikujua kwamba nilikuwa nafanya kazi hiyo. Nilidhani ninaiigiza, na siku moja mtu aliyesoma kwelikweli ataingia dukani aniambie nisimame.

Sikufuta kitu. Niliambatanisha maelezo yangu: kwamba barua ya kwanza niliiandika mimi, kwamba mwajiri aliitia sahihi bila kuisoma, kama ilivyo desturi huku, na kwamba tarehe sahihi ni iliyo katika barua hii ya pili. Nilibonyeza kutuma saa nne asubuhi, halafu nikaenda kufagia mahali palipokuwa pameshafagiwa.

Simu ilikuja wiki moja na nusu baadaye, saa kumi alasiri, ambayo kwao ni asubuhi. Mama aliitazama namba, akanielekeza mlangoni kwa kidole. Nilisimama kwenye kibanda cha jirani anayeuza zipu. Nilisikia Kiingereza cha benki, polepole, halafu nikamsikia akicheka. Jirani aliniambia nikae, nikamwambia siwezi. Simu ilikuwa ndefu kuliko nilivyotegemea.

"Ameuliza kama ni kweli ulilia," mama alisema niliporudi.

"Ukasema?"

"Nikasema ndiyo. Akauliza kuhusu miezi, nikamwambia. Halafu nikamuuliza kwao cherehani zikiharibika wanazipeleka wapi. Hajui. Amesema mama yake ana moja, ataulizia."

Jibu rasmi lilifika siku ya nne baada ya simu. Kazi yangu wameitambua kuwa ni ya utengenezaji wa programu, lakini muda haujatosha, kwa hiyo maombi yamefungwa. Kwa kuwa tulijieleza wenyewe, hawakuniwekea kizuizi. Nikitimiza muda naweza kuomba upya, nikiwa na uthibitisho wa kazi kwa kipindi chote.

Nilimsomea kaka akiwa anavua viatu vya kazi. Hakutania. Alitaka nirudie pale waliposema wameitambua kazi. Nikarudia. Akauliza tena, kama hakusikia, na nadhani alisikia. Mimi nilitarajia kwamba nitaumia zaidi. Niliumia, usiku sikula, lakini ndani ya kuumia kulikuwa na kitu kama hamu ya kujua. Miezi mitano ya kazi ambayo sasa ina jina itakuwaje?

Kesho yake nilimweleza mama kuhusu uthibitisho wa kipindi chote. Alifikiri kidogo, akalichukua lile daftari, akafungua ukurasa mpya, akaandika tarehe. Alisema kuanzia siku hiyo, kabla ya kufunga duka, nitamwambia nimefanya nini na yeye ataandika. Nikajitolea kuandika mwenyewe ili asichoke. Alilisogeza daftari upande wake.

"Leo umefanya nini?"

"Nimeboresha utaratibu wa kuonyesha matokeo ya utafutaji."

Hakuandika. "Sema."

"Kompyuta ilikuwa inamwonyesha fundi kipuri ambacho tumeishiwa. Anakuja kutoka mbali, hakipati. Nimeizuia."

Aliandika hilo, taratibu, akisoma kwa midomo. Halafu akainua kichwa.

"Na inajuaje kwamba tumeishiwa?"

Nilifungua kinywa kumpa jibu fupi, nikaona ameiweka kalamu chini na anangoja. Nikavuta kigoda, nikaigeuza kompyuta imwelekee, nikaanza na droo ya kwanza.