Goti la Pimamaji

Baba yangu mdogo aliitwa Pimamaji mtaa mzima, jina la kile kifaa cha mafundi chenye kiputo cha kuonyesha kama sakafu imelala sawa. Alikuwa fundi wa vigae tangu ujana wake. Ukimkaribisha nyumbani kwako, macho yalikwenda sakafuni kwanza, salamu baadaye. Na kazi ile haifanywi kwa kusimama. Alipiga magoti asubuhi, akainuka jioni, mwaka nenda mwaka rudi, mpaka gegedu za goti moja zikaisha, mfupa ukawa unasaga mfupa.

“Goti lenyewe la kulia,” mama mdogo, mkewe, alikuwa akituambia, “ndiyo maana linalia.”

Alibadilishiwa goti katika hospitali kubwa. Akarudi nyumbani na fremu ya chuma ya kutembelea, mfuko wa vidonge vya maumivu, na ubishi wake wote. Vidonge akavisukumia nyuma ya redio. “Mimi si mtoto mchanga,” alisema. “Nitajikaza kisabuni.”

Alijikaza, akashindwa. Juma halijaisha, mguu ulikuwa umevimba kama mhogo uliolowekwa, hakunji, hanyooshi, hataki hata shuka limguse. Binti wa mazoezi ya viungo kutoka hospitali alipokuja kumwona, akamkuta amelala anatazama ukuta.

“Mzee, dawa hizi si za kukulaza,” alimwambia. “Ni za kukuinua. Unameza, unaziacha zishike, ndipo unafanya mazoezi. Ukingoja maumivu yapande kichwani, umeshachelewa. Halafu unapumzika, mguu juu, barafu kwenye taulo. Usipoukunja sasa utakaza hivyohivyo.”

“Umesikia?” mama mdogo akauliza. “Basi kuanzia leo kengele yako ni mimi.”

Mama mdogo alikuwa mpishi wa shule ya watoto wadogo. Sauti yake ilizoea kunyamazisha darasa zima kwa neno moja, sembuse mume. Alimmezesha dawa, akasubiri, kisha akasimama mbele ya kitanda na mwiko mkononi. “Kunja. Tena. Hiyo ni salamu, siyo kukunja.” Baba mdogo alitokwa na jasho, akamwita askari jela, akakunja. Baadaye wakawa wanatembea pamoja mpaka kwenye duka la kona, yeye na fremu yake, mkewe nyuma anamshangilia kama mtoto anayejifunza kusimama. Ilipofika hatua ya kuiacha fremu na kushika mkongojo ndani ya nyumba, mama mdogo alipiga vigelegele hadi majirani wakachungulia. Nyumba ile niliijua tangu utotoni, lakini sikuwahi kuwasikia wakicheka vile.

Kisha kifo kikaja, nacho hakipigi hodi.

Ilikuwa mchana, mama mdogo yuko uani anaanika nguo. Baba mdogo alikuwa kitandani, mguu umeinuliwa juu ya mito, barafu gotini. Akasikia beseni likianguka. Akaita, kimya. Akaita tena. Akaunyakua mkongojo, akaipita korido ameegemea ukuta, mguu unawaka, mpaka uani.

Mkewe alikuwa chini, mdomo umekwenda upande, jicho moja linamtafuta. Kiharusi. Baba mdogo akajaribu kushuka pale alipo, goti likakataa. Akainama, akanyoosha mkono, mkono haukufika. Mtu aliyeishi maisha yake yote amepiga magoti kwenye sakafu za watu, siku ile hakuweza kupiga goti kwa mkewe.

Mayowe yake ndiyo yaliyotuleta mimi, niliyeishi mtaa uleule, na jirani. Tulimkuta amemwinamia mkewe, mkono bado unaning’inia hewani, anarudia, “Nipo, mama. Nipo hapa.” Tukamkimbiza mama mdogo hospitali. Hakuiona jioni.

Makaburini baba mdogo aliketi kwenye kiti cha plastiki. Wengine tuliinama kutupa udongo, yeye tulimwekea kiganjani. Baada ya hapo akakataa kila kitu: mazoezi, dawa, hata uji. Mguu ukaanza kukaza tena. Nilipomsemesha alijibu, “Mwanangu, niache. Hili la goti angalau lina kidonge.”

Binti wa mazoezi aliporudi, baba mdogo hakumpa hata nafasi ya kufungua mkoba.

“Niambie kweli. Ningeweza kushuka, angepona?”

Binti akakaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa mdogo kuliko watu wa rika langu, na nadhani hakufundishwa jibu la swali lile. “Asingepona, mzee,” alisema mwishowe. “Lakini ungemshika.”

Nilitaka kumfukuza. Baba mdogo ndiyo kwanza akalia, kilio ambacho hakulia msibani, na binti akamshika mkono mpaka kikapita. Ndipo akasema, taratibu, “Lete hivyo vidonge.”

Siwezi kusema alibadilika siku ile. Kuna siku alikunja, kuna siku aligeukia ukuta. Mimi nilihamia kwake nikawa kengele, kengele mbovu. Sikuwa na ile sauti. Lakini tulikwenda mpaka duka la kona, kisha tukalipita. Vifaa vyake vya kazi alimpa fundi mwenzake, kwa sababu kupiga magoti ya kazi alikatazwa kabisa.

Siku ya kliniki ya mwisho, daktari alimpindua mguu huku na huku, akasema unakunjika vizuri, mkongojo sasa hauna kazi. Tulitoka nje. Baba mdogo aliubana mkongojo wake kwapani, akatembea wima mpaka getini, bila kuchechemea. Hapo akatoa simu mfukoni, kidole kikaanza kutafuta jina. Kikasimama. Akaitazama simu muda mrefu, watu wanatupita.

“Nilitaka kumpigia,” alisema.

“Najua, baba mdogo.”

Akairudisha simu mfukoni. Nikamuuliza kama tutafute gari. Akatikisa kichwa, akasema binti yule amemwagiza atembee. Tukashika njia ya nyumbani polepole, yeye mbele, mimi nyuma.